Fundi wa Mizinga na Kidole cha Mama

Ukitaka kumuudhi Fundi, mwambie kwamba nyuki wake wanatibu ugonjwa wa sukari. Nimemwona kwa macho yangu akimpokonya mteja chupa kwa sababu ya maneno hayo. Mteja mwenyewe alikuwa mwanamke mpole wa makamo, tena alikuwa anamsifu tu. Fundi akairudisha chupa kwenye rafu, akapangusa mikono kwenye aproni, akamwambia aende kliniki kwanza, akirudi na kitabu chake watazungumza. Yule mwanamke akaondoka akidhani Fundi ana wazimu. Nilimfuata hadi barabarani nikamweleza kwamba hana wazimu, ana sababu, na sababu yenyewe iko nyumbani kwetu imenyoosha miguu.

Jina analo, na watu wa kanisani kwake hulitumia. Lakini hapa mtaani Wabera hakuna anayemwita vingine ila Fundi, nami sioni kwa nini nianze leo. Kwa miaka karibu ishirini karakana yake ilipakana na ukuta wetu. Alitengeneza vitanda, makabati, milango ya duka langu la spea, na jeneza pale ilipobidi. Kisha watu wa Burat, nje kidogo ya mji, wakaanza kumwagiza mizinga ya kisasa, ile ya masanduku yenye fremu ndani. Akawatengenezea wengine mpaka na yeye akaingiwa na tamaa, akapanga mizinga yake mwenyewe kwenye kishamba chake cha hukohuko Burat. Tangu hapo ukimwagiza meza utaipata, ila utaambiwa kwanza habari za malkia na watoto wake.

Sisi ni Wasomali wa Isiolo, wale ambao babu zao waliletwa na jeshi la Mwingereza wakabaki. Baba yangu alikuwa na malori, ndugu zangu wana malori, nami binti yake nauza vyuma vya malori. Fundi ni Mturkana, Mkristo wa kuamka mapema Jumapili na kuvaa koti jeusi hata jua likiwa la kuchoma. Mashine yake ya randa ilikuwa na kelele ya kukufanya usahau ulichokuwa unasema, lakini adhana ikianza tu alikuwa anaizima. Hakuna aliyemwomba. Alijua Mama anaswali upande wa pili wa ukuta, basi. Ilifika wakati nikawa sisikilizi adhana ya alasiri, nasikiliza kimya cha Fundi, na kimya hicho hakikuwahi kuchelewa.

Mwezi wa Ramadhani alikula chakula chake cha mchana nyuma ya rundo la mbao, mlango umerudishwa. Mama alimwambia mara nyingi kwamba saumu ni yetu si yake, ale mbele za watu bila wasiwasi. Akajibu kwamba yeye huko nyuma anatafuta kivuli. Sote tulijua kwamba nyuma ya zile mbao ndiko joto lilikokuwa kali kuliko pengine popote. Siku ya Idi Mama alimpelekea sambusa kabla sisi wenyewe hatujala, na sikuwahi kuthubutu kulalamika.

Sifa zake si zote za kupendeza. Alikuwa mbishi. Kupima alipima kwa kamba yenye mafundo, futi aliidharau, na kabati likitoka limepinda alilaumu ukuta wako. Foleni hakuiweza kabisa. Nimemwona akiacha kulipia umeme kwa sababu mbele yake kulikuwa na watu wanne. Halafu mtu huyohuyo asiyeweza kungoja watu wanne aliweza kutikisa chupa moja kila asubuhi kwa wiki mbili mfululizo, bila kukosa hata siku moja, akisubiri dawa yake ya nyuki iive.

Tena alikuwa mwoga wa hospitali kupita kiasi. Nyuki wakimchoma usoni, shingoni na kwenye masikio alikuwa anang'oa miiba huku akiendelea na hadithi. Lakini siku moja wauguzi walipita mtaani wakipima watu presha bure, na presha haina sindano. Fundi alifunga karakana akatokomea. Nilimkuta jioni, nikamtania kwamba mwanaume mzima amekimbia kitambaa cha kufungwa mkononi. Akasema alikuwa na kazi Burat. Kazi gani? Akasema ya kuangalia nyuki. Nyuki wenyewe alikuwa amewaangalia asubuhi.

Na asali hali. Mfuga nyuki ambaye hali asali ni kituko, lakini meno yake yanauma akionja kitu kitamu, kwa hiyo ladha ya mali yake mwenyewe anaisikia kwa watu. Mapenzi yake yote aliyapeleka kwenye gundi ya nyuki, ile ambayo wataalamu wanaiita propolisi. Nyuki huifuata kwenye utomvu wa miti, wakaichanganya na nta, wakaziba nayo kila ufa wa nyumba yao upepo na wadudu wasiingie. Wafugaji wengi hapa walikuwa wanaikwangua na kuitupa kwa sababu inanata visu. Fundi alihudhuria mafunzo ya wafugaji, na mwalimu wao, mama mmoja mwenye subira, akawaambia wasitupe. Akawaeleza kwamba wataalamu wanaipima kwa wagonjwa wa sukari, wa presha, wenye vidonda visivyofunga haraka, na kwamba wako walioona nafuu kidogo. Akawaambia pia kwamba upimaji haujakwisha, kwamba kuna watu inawawasha mwili, na kwamba mgonjwa asiache vidonge vyake kwa ajili yake. Fundi aliyaandika yote kwenye daftari. Baadaye alikubali kwamba ile sehemu ya mwanzo aliiandika kwa herufi kubwa kuliko sehemu ya mwisho.

Gundi ikiwa na joto inanata, huwezi kuisaga. Sharti igande kwanza. Friji Fundi hakuwa nayo, sisi tunayo, kwa hiyo kwa miaka mingi katika friji yetu, pembeni ya nyama ya ngamia, kulikuwa na furushi la gazeti ambalo watoto walikatazwa kuligusa. Asubuhi alibisha hodi, akatoa salaam aleikum kama mtu wa nyumbani, Mama akamjibu "habari" kwa makusudi, wakacheka wote wawili kana kwamba mzaha ule umezaliwa siku hiyo. Akachukua furushi lake, akaenda kuligonga kwa nyundo. Nyumba ikanukia. Mama alisema harufu yake inamkumbusha unsi, ule uvumba tunaofukiza jioni, na nadhani ndiyo maana aliipenda hata kabla hajaambiwa ni ya nini.

Sasa nije kwenye ile sababu iliyonyoosha miguu.

Mama ana sukari kwa zaidi ya miaka kumi. Miaka mitatu iliyopita viatu vipya vilimtoa lengelenge kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia. Lengelenge likapasuka, likawa kidonda, na kidonda kikakataa kufunga. Alikuwa anakwenda kufungwa kliniki, vidonge anameza, lakini kilifunga leo kikafunguka kesho. Fundi akaja na wazo la gundi. Shida ikawa kwamba gundi huloweshwa kwenye spiriti, na Mama akasema pombe haiingii kinywani mwake hata tone, iitwe dawa, iitwe jina lolote. Fundi hakubishana. Yeye mwenyewe aliacha pombe alipookoka na hakupenda kuishika ile spiriti. Akajaribu maji, gundi ikaelea juu. Mwisho akaisaga iwe unga laini kabisa, akaichanganya na asali yake ya Burat, ile nzuri aliyokuwa akiwawekea wageni, akaianika juani juu ya mabati siku kadhaa hadi ikashikana. Akamletea Mama mtungi mzima, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, hataki shukrani.

Najua unachofikiria. Lakini uliza nyumba kumi za hapa kwetu uone ni ngapi zitakuambia asali ni sukari. Sukari ni ile ya duka, nyeupe, ya kilo. Asali ni dawa, imetajwa hata kwenye Kitabu. Fundi aliamini hivyo na mimi niliamini hivyo. Mama peke yake ndiye aliyesita. Alilamba kijiko, akanitazama, akaniuliza, "Hii ni tamu sana. Haina shida?" Nikamjibu, "Asali si sukari, hooyo," yaani mama. "Kunywa." Akanywa.

Vipimo vikapanda. Kwanza kidogo, kisha vikapaa. Kliniki wakamwongezea vidonge, vikapanda tena. Kidole kikavimba, kikabadilika rangi, na nesi akaniita pembeni akaniambia tukienda hivi kidole kitakatwa, na kikishakatwa kimoja vingine huwa havikai mbali. Akaniuliza mgonjwa anakula nini. Nikamwambia anaiba sukari. Nilisema hivyo, sikusema nadhani. Nilimjua Mama na chai yake ya maziwa, nikawajua na wanawake wenzake wanaokuja kumtembelea na halwa ndani ya mikoba. Nikarudi nyumbani nikauchukua mkebe wa sukari nikaufungia kabatini chumbani kwangu. Nikawaambia wale wanawake wapunguze kuja. Mama alisema, "Mimi sijala kitu." Nikamwambia basi mashine ya kliniki ndiyo inayosema uongo. Alirudia maneno yale wiki baada ya wiki, kwa sauti inayopungua, mpaka akaacha kuyasema. Akawa anatazama ukuta. Mwanamke aliyelea watoto sita na kuendesha nyumba ya wasafiri, bintiye anamhesabia vijiko.

Asubuhi moja Fundi alikuja kuchukua furushi lake akanikuta katikati ya hotuba. Kwa kawaida angepita kimya. Siku hiyo akasimama na furushi mkononi mpaka likaanza kulainika. Akaniuliza vipimo vilianza kupanda lini. Nikamtajia mwezi. Akaniuliza, kabla au baada ya kidonda? Nikamwambia baada. Akaondoka bila kuaga, na mashine haikunguruma siku nzima.

Baadaye nilijua alikokwenda. Mtu aliyekimbia kitambaa cha presha alipanda boda akaenda kliniki ya sukari. Mtu asiyeweza foleni ya watu wanne akakaa kwenye benchi hadi saa nane, akingoja zamu yake ya kuuliza swali moja tu: mgonjwa wa sukari akila asali vijiko vinne kwa siku, inakuwaje?

Jioni akaja amevaa lile koti jeusi, na haikuwa Jumapili. Ndugu zangu wawili walikuwepo. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya Mama, mikono imening'inia, akasema:

"Mama hajala sukari ya mtu. Sukari nilimletea mimi, kwa mtungi. Nilikuwa nafikiria asali haina maneno. Nimeuliza leo, nimeambiwa ni ileile. Kama hicho kidole kitatoka, ni mimi nimekitoa. Naomba unisamehe."

Kaka yangu mkubwa, ambaye hasira yake haihitaji kuni, akanyanyuka. Mama akamwambia akae. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda wa kutosha kuniwezesha kufungua mdomo, na sikuufungua. Akageuka kwa Fundi akasema amemsamehe, na kwamba kesho asikose kuja kuchukua gundi yake, isije ikanukisha nyama.

Mtungi tuliutoa. Vipimo vilishuka polepole, kidole kikafungwa kila siku ya pili kwa miezi kadhaa, na mwishowe kikapona. Kovu lipo, kidole kipo. Mkebe wa sukari ukarudi jikoni wenyewe, yaani niliurudisha siku ambayo hakuna mtu alikuwa anatazama. Mtaani ilijulikana kwamba Fundi nusura amkate Mama mguu, na Fundi hakumrekebisha mtu yeyote. Lawama yote akaichukua, hata ile ambayo haikuwa yake, nami nikamwacha aichukue kwa sababu ilikuwa rahisi.

Kwa mwaka mzima hakumpa mtu kitu cha kunywa. Alitengeneza mafuta tu ya nta na gundi, ya visigino vilivyopasuka. Aliporudi kwenye chupa alirudi na masharti. Lazima aone kitabu chako cha kliniki. Lazima aone vidonge, na pakiti iwe imeliwa inavyotakiwa. Daktari wako lazima awe anajua. Lazima akupake kidogo mkononi urudi kesho aone kama umewashwa. Mwenye sukari hapewi chenye asali hata akilia. Mchuuzi mmoja wa mbuzi alimjia akijigamba kwamba vidonge vya presha ametupa, sasa anataka vya asili. Fundi alivua aproni, akafunga karakana, akampandisha boda, akapanda nyuma yake, akampeleka kliniki yeye mwenyewe. Wakapimwa wote wawili, maana nesi hakukubali mmoja atoroke. Fundi akakutwa na presha. Sasa anameza vidonge vyake kila asubuhi, na anavionyesha kwa wateja kama mtu anavyoonyesha leseni.

Watu wakimsifu anawakatiza. Ana maneno yake mawili, amenichosha nayo. La kwanza ni kwamba wanapima bado. La pili ni kwamba nyuki anajenga nyumba yake, hajui wewe uko na ugonjwa gani. Hata hivyo usimwambie kwamba gundi haina maana. Atakukatalia hilo pia, atakutolea daftari, na utachelewa kurudi kazini.

Mwaka huu magoti yalimshinda akafunga karakana, akahamia Burat moja kwa moja. Nimechelewa swala ya alasiri mara kadhaa tangu aondoke. Mwezi uliopita Mama akasema anataka kumwona, nikamtia kwenye gari tukaenda.

Tulimkuta amenenepa. Amejenga nyumba ya vyumba viwili, kwa mara ya kwanza milango yote imenyooka. Alimkalisha Mama barazani kwenye kiti cha plastiki, akamwekea stuli ya kupumzishia mguu, wakasalimiana ule msalimio wao wa kichekesho. Akampa maziwa ya mbuzi yasiyo na kitu, akamtajia kila kilichomo, yaani maziwa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilifurahi kuwaona, nasema kweli, nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa siku nyingi.

Kisha akaniita nikaone mizinga mipya, upande wa chini wa shamba. Tulisimama mbali kidogo na njia ya nyuki. Alikuwa ameshika mfuniko mmoja mkononi, akiugeuzageuza.

"Mama Zamzam, nikuulize kitu?"

Huniita kwa jina la mwanangu. Nikamwambia aulize.

"Mimi nilikuja kwenu nikaomba msamaha. Wewe ulimwomba lini?"

Nikamjibu kwamba mambo yale yalishapita zamani, Mama amepona, ya nini kuyachimbua. Hakunikasirikia. Aliinama, akakwangua kipande cha gundi kwenye ukingo wa mfuniko kwa ukucha.

"Kwangu yalipita, kwa sababu niliyasema," alisema. "Asali nilileta mimi. Lakini si mimi nilimwita mwongo."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikamwuliza kama kuna mtu amemtuma. Akasema hapana, Mama hajawahi kumtajia. Akasema tu kwamba yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta miezi ile yote, na mashine haikuwa inanguruma kila wakati. Halafu akaniambia, "Yuko pale. Mimi nitabaki hapa na hawa."

Nilipanda kurudi barazani taratibu. Nilichutama karibu na stuli, uso wangu ukawa sawa na mguu wake, kovu likiwa mbele yangu. Nikamwambia kuhusu mkebe. Nikamwambia kuhusu wale wanawake niliowafukuza, na kuhusu neno nililomwambia nesi, ambalo hakuwa analijua. Nikamwambia kwamba aliniuliza kama ile asali haina shida, nami ndiye niliyemwambia anywe, na siku ile mbele ya kaka nilinyamaza. Nikamwomba anisamehe. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Mama aliweka mkono wake juu ya kichwa changu.

"Hiyo ya asali nilidhani umesahau," alisema.

"Sikusahau, hooyo."

"Nilishakusamehe zamani. Lakini nilikuwa nataka kusikia."

Akanishika bega apate kunyanyuka. Akasema twende tukamwite Fundi, amesimama juani muda mrefu mno akijifanya anarekebisha mfuniko usio na kasoro yoyote.